Heko kwa Waongozaji wa Salaita

Huku kwetu Bahati tumelelewa kwa habari za Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni na milio ya bunduki msituni, lakini wanaojua kuisoma risasi wako mbali, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Mjerumani waliwatimua hapo Waafrika Kusini waliopigania Uingereza.

Mpe mwongozaji mzoefu wa hapo kipande cha risasi, atakigeuza kiganjani kwanza. Kimebapa kama uyoga, kina vumbi jeupe lisilotoka? Huenda ni cha Mauser ya 1871, milimita 11, ya madini ya risasi pekee, isiyo na gamba, iliyogonga jiwe. Ile ya .303 ya Waingereza ina gamba la shaba na nikeli. Ikizama mchangani hubaki karibu nzima, na mikwaruzo ya mtutu ubavuni. Ikigonga mwamba, gamba huchanika na kiini hutoka.

Baadhi ya wakusanyaji huvutiwa na hizi zilizopondeka, nami siwalaumu: nzima inakueleza habari za kiwandani na za mtutu tu. Isiyofyatuliwa, hata ikiwa na kutu, usiiguse. Waite polisi.