Rumonge kwa miguu, hadi kwa fundi mashua

Matembezi haya ya Rumonge, nchini Burundi, hayana kiongozi wala tiketi. Yanataka viatu vinavyostahimili mchanga, salamu tayari mdomoni, na moyo wa kukaa mahali pamoja bila kutazama saa. Nimeyarudia mara kadhaa, na kila mara nimemalizia kwa fundi yule yule, chini ya mwembe ulio karibu na maji. Vituo vingine vyote vinakuandaa umwelewe yeye.

Kituo cha kwanza kiko njiani. Barabara itokayo Bujumbura kwenda kusini inaambaa na Ziwa Tanganyika, na kabla hujaenda mbali, pale Mugere, kuna mwamba mkubwa juu ya kilima unaotazama maji. Umechongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25-XI-1871. Walilala hapo siku mbili wakiwa safarini kutoka Ujiji, wakitaka kujua kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia. Wageni wengi hupiga picha ya jiwe wakaondoka; mimi hukaa nikauwaza mtumbwi uliowaleta. Stanley aliandika kwamba ulichongwa kwa gogo moja la mvule kutoka nchi ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa, na kwamba ulikuwa wa Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji. Wapiga makasia peke yao walikuwa 16. Mti mmoja ulibeba watu zaidi ya ishirini kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Aliyeuchonga hakuandikwa popote.

Rumonge iko kilomita 75 hivi kutoka Bujumbura. Fika jioni, ulale, uamke saa kumi na moja alfajiri, ushuke mwaloni. Wakati huo ndipo apolo zinarudi. Apolo ni mitumbwi ya mbao iliyounganishwa ubavu kwa ubavu kwa miti mirefu, na katikati yake hushushwa wavu mpana. Usiku taa huwashwa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, na wavu huinuliwa taratibu kutoka chini yao. Ndiyo maana kazi hii hupendelea giza: mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa haina cha kumwitia samaki. Warundi humwita dagaa huyu indagala. Pamoja naye huja mukeke, ambaye ng'ambo ya mpaka, Kigoma, anaitwa mgebuka. Bei hupandishwa na kushushwa kwa Kirundi na Kiswahili ndani ya sentensi moja, na jua likichomoza dagaa wameshaanza kutandazwa. Waliobahatika wana vichanja vya wavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Samaki hupata hewa juu na chini, na mlaji hatafuni mchanga.

Sasa fuata ukingo. Utaona kuta zilizobomoka, nyingine zimebaki misingi tu ndani ya maji. Ziwa lilipanda sana mwaka 2021, likapanda tena 2024, likaingia majumbani na bandarini. Pita hapo kwa heshima, ni nyumba za watu. Ila angalia jambo moja: maji yanapopanda, mashua hupanda nayo.

Ukigeuka kuingia mjini, kumbuka kwamba ufukwe huu ulipokea wageni mapema. Wamisionari wa White Fathers walijenga kituo chao hapa Rumonge mwaka 1879, wakakikalia kwa muda mfupi. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa, na kituo kikaachwa. Simama kidogo, kisha ufuate harufu inayokujia.

Harufu hiyo ni ya mawese. Rumonge ndiyo nchi ya michikichi ya Burundi, na karakana za kukamulia zimetawanyika pembezoni mwa mji. Omba ruhusa, uingie. Mikungu huachwa siku chache ili tembe ziachie zenyewe, huambuliwa, huchemshwa, hupondwa, halafu hukamuliwa. Kinachotoka mwanzo ni uji mwekundu wenye maji. Hurudishwa motoni mpaka maji yaishe na mapovu yanyamaze, na hapo ndipo unapata mafuta yanayokaa bila kuharibika. Kokwa zake, mise, huwekwa kando kwa kazi nyingine. Kumbuka wekundu huo, utaukuta tena mbele.

Rudi ziwani mchana, jua likianza kulegea. Chini ya mwembe utamkuta fundi mashua. Msalimie, keti, nyamaza.

Mkuku umelazwa juu ya magogo. Pembeni kuna rundo la matawi yaliyopinda ambayo mpita njia angeyadhania kuni. Hayo ndiyo mataruma, mbavu za mashua. Fundi hakati mpindo kutoka kwenye ubao ulionyooka, kwa kuwa ubao huo ungevunjika pale nyuzi zake zilipokatwa. Hutafuta tawi lililoota limepinda, ambalo nyuzi zake zinafuata mpindo wenyewe. Huliinua, hulizungusha, hulipimisha kwenye mkuku, hulirudisha, huchukua jingine. Nilimwona akijaribu matawi sita kwa taruma moja. La sita alilipitishia tezo mara tatu tu, likakaa.

Kisha mbao za ubavuni, na hapa ndipo nilipojifunza kutazama. Mimi nilidhani ustadi ni kuzibananisha hadi pasipite hata unywele. Sivyo. Mti ukilowa huvimba, na mbao zilizobanana mno husukumana zikivimba, mpaka msumari unang'oka au ubao unapasuka. Zikiachana mno, hakuna pamba itakayokaa. Kwa hiyo baina ya ubao na ubao fundi huacha nafasi anayoijua yeye, nyembamba kama makali ya kisu, pana kidogo pale ubao ulipo mkavu zaidi. Hapimi kwa chombo. Hupitisha kidole, husimama, hupitisha tena.

Halafu huanza kukalafati. Pamba husokotwa kwa kiganja juu ya paja iwe kamba laini, huchovywa kwenye mawese, na kushindiliwa ndani ya mshono kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Mapigo yake si ya nguvu. Ni mengi, mafupi, yenye mwendo mmoja, na anayarudia urefu wote wa mashua, mshono baada ya mshono.

Nilimuuliza, "Mzee, unajuaje kwamba imetosha?"

"Sikiliza, mwanangu," akasema, akaendelea kupiga.

Nilisikiliza kwa muda mrefu kabla sijasikia. Mshono wenye nafasi hutoa sauti nzito, iliyozama. Pamba ikijaa, sauti hupanda na kuwa kavu, kama mlango uliofungwa vizuri. Tangu hapo nikaanza kumfuata kwa masikio: nzito, nzito, nzito, kavu, na patasi inasogea. Mara moja sauti ilikuwa kavu kwangu, lakini yeye hakusogea. Akachomoa kipande cha pamba, akasokota kingine kinene zaidi, akashindilia upya. Usiku, kusi likivuma na mawimbi yakija kutoka kusini mwa ziwa hili lenye urefu wa kilomita zaidi ya 600, wavuvi wataulalia mshono ule.

Mashua ikikamilika haiendi kuvua siku hiyo. Husukumwa hadi maji ya kina kifupi na kuachwa izame nusu, inywe. Atakayepita jioni ile ataona chombo kipya kimejaa maji na kudhani kazi imeharibika. Ndani ya mbao, nyuzi zinavimba polepole, zinaikumbatia pamba, na nafasi aliyoiacha fundi inajifunga yenyewe.

Kwa hiyo lala usiku mmoja zaidi Rumonge. Asubuhi vijana huyatoa yale maji kwa ndoo, hukausha sakafu kwa matambara, kisha husubiri kando. Mzee hupanda peke yake, hupiga magoti, na kupitisha kiganja juu ya kila mshono, kutoka omo hadi shetri. Asubuhi niliyokuwepo alifika mwisho, akainuka, akatuonyesha mkono. Ulikuwa mkavu, na wekundu kidogo wa mawese.