Barza ya Florence na dirisha ya watoto

Wandugu, wale waliosoma historia ya ujenzi wanaijua hii picha: matao tisa, nguzo nyembamba za jiwe la kijivu, ukuta mweupe, ngazi mbele. Njo Ospedale degli Innocenti, kule Florence, Italia. Asistanti aliandika ubaoni: Brunelleschi, 1419, mwanzo wa Renaissance. Tukakopia, tukapita mtihani. Hakuna aliyeuliza ni nani alikuwa analala ndani.

Mimi nauliza, juu nililala miaka miwili katika nyumba ya watoto, kwetu huku, wakati vita ilitutawanya. Jina lake nitaliacha. Ukuta wake ulikuwa mrefu kupita watu wazima wawili, na juu yake walipandika vipande vya chupa. Watu wa kartie walitusikia tukiimba, lakini sura zetu hawakuzijua.

Kwa hiyo nikisifu nyumba ya Florence, sisifu matao. Nasifu barza. Kile wataalamu wanaita loggia, sisi tuko na jina lake tayari. Kwetu mtoto anayekaa kwenye barza ya mtu anajulikana ni wa nani. Na Brunelleschi aliweka barza ya watoto walioachwa mbele ya uwanja mkubwa wa mji, bila ukuta wa kuificha. Urefu wa nguzo, nafasi kati ya nguzo na nguzo, na kina cha barza, vyote vinakaribia kuwa sawa. Unatembea humo, hakuna kitu kinakubana wala kukutisha. Feza ilitoka kwa chama cha wafanyabiashara wa hariri, na kwa mali aliyoacha Francesco Datini, mchuuzi wa Prato. Matajiri wangeweza kujenga stoo ya watoto. Walijenga kitu kizuri kuliko nyumba zao wengi.

Halafu, kwenye mwaka 1487 hivi, Andrea della Robbia alitia juu ya nguzo watoto kumi wa udongo wa kuchomwa, weupe juu ya buluu, wamefungwa vitambaa. Wengine vitambaa vinaanza kulegea, mikono iko wazi. Kila anayepita uwanjani anawaona. Ni kusema: hawa ni wenu.

Bon. Mpaka hapa silabusi na mimi tunapatana. Sasa tuende kwenye mwisho wa barza, upande wa kushoto. Pale njo mtoto aliingilia.

Wa kwanza aliachwa tarehe 5 Februari 1445, msichana, wakamwita Agata Smeralda. Baadaye waliweka dirisha ya vyuma, nafasi zake ndogo, mtoto mchanga tu anapita. Mama anamsukuma ndani, anaenda, hakuna anayeona uso wake. Dirisha ilifungwa mwaka 1875. Hesabuni wenyewe: miaka 430 watoto walipokelewa pale, na katika silabusi yetu haina hata mstari mmoja.

Na watoto wenyewe walikuwa nani? Kati ya wale wa kwanza, wengi walizaliwa na wanawake watumwa, waliouzwa kutoka pande za Bahari Nyeusi, wakifanya kazi katika nyumba za matajiri wa Florence. Mara nyingi baba njo bwana wa nyumba, ama ndugu yake. Kumbe tabaka lile lile lililotoa feza ya nguzo lilikuwa linaleta watoto mlangoni! Mama alinyimwa haki ya kulea mtoto wake, kisha mji ukajisifu kwa huruma. Ndani, watoto wengi sana walikufa kabla ya kutimiza mwaka moja, wengine wakiwa kwa wanyonyeshaji wa vijijini. Uzuri wa matao haukuwa maziwa.

Leo kuna makumbusho humo. Wanaonyesha vitu mama waliacha na watoto: medali iliyokatwa nusu, kifungo, shanga. Nusu moja inabaki na mama, ili siku akirudi wajuane. Kwangu mimi, ile nusu ya medali inashinda matao yote tisa. Inasema mtoto hakutupwa. Aliachwa na mtu aliyetaka kurudi.

Hukumu yangu njo hii: jengo ni kubwa, lakini ni jibu nusu. Barza inaambia mji kwamba watoto ni wake, dirisha inamruhusu mji asijue walitoka wapi. Mwenye kufundisha moja bila ingine anatufundisha kupenda ukuta.

Kati yetu kuko wajenzi, wanasheria, watu wa maendeleo. Kesho kuna mtu atawaitia projè ya nyumba ya watoto, na pesa ya wafadhili itataka picha nzuri ya mbele. Chora barza, usichore chupa juu ya ukuta. Lakini kabla ya kuchora, uliza mtoto ataingilia wapi, nani ataandika jina la mama yake, na mama akirudi atapitia mlango gani.

Mama yangu alirudi. Alisimama nje ya ule ukuta asubuhi mpaka saa tisa, juu mlinzi hakujua jina langu.