Mambo Kumi ya Kufanya Mombasa

Mwaka juzi nililipwa kuandika mwongozo wa wageni wa Mombasa: mambo kumi ya kufanya, pamoja na vyakula vya kuonja. Niliuandika kwa jioni moja nikiwa Nairobi, bila kunyanyuka kitini. Fort Jesus ilitangulia, kama kawaida. Zikafuata Pembe za Ndovu, Mji wa Kale, ufuo wa Nyali, Haller Park, na mwishoni nikarundika kitu nilichokiita ‘ladha za Pwani’: pilau, biriani, viazi karai, mahamri, madafu. Mhariri aliupenda. Nami niliupenda, hadi rafiki yangu wa chuo, mzaliwa wa Kitale, alipousoma na kuufuata.

Alifika Nyali saa nne asubuhi, nguo za kuogelea ndani ya dera. Maji yalikuwa yamekupwa. Mbele yake palikuwa na mwani, mawe, na wanaume wawili wakiinama kutafuta pweza. “Bahari yenu iko wapi?” akanipigia kuniuliza. Mchana akaenda Mji wa Kale kutafuta mahamri na mbaazi, akaambiwa vimekwisha tangu asubuhi.

Tangu hapo nimesoma miongozo mingi, ya Kiingereza na ile michache ya Kiswahili, nikitaka kujua kama kosa ni langu peke yangu. Tuko wengi. Miongozo yetu inajua mahali lakini haijui wakati. Sentensi zake unaweza kuzihamishia Malindi, Tanga au Zanzibar na usibadilishe kitu ila jina la mji: mchanga mweupe, maji ya samawati, wenyeji wakarimu. (Hilo la mwisho hunichekesha. Mwenyeji anayesifiwa kwa ukarimu huwa hana jina, hana kazi, wala hachoki.)

Lakini Pwani huishi kwa saa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana, kisha yakatoka mbali sana. Mvuvi hupanga siku yake kwa hesabu hiyo, na hata mtoto anayetaka kuogelea huijua. Chakula nacho kina zamu. Mahamri na mbaazi za nazi ni vya asubuhi zaidi. Viazi karai, kachiri na mihogo husubiri jua lipoe. Ndipo watu hushuka Mama Ngina, wakakaa karibu na mibuyu kutazama meli zikiingia Kilindini, na muhogo wa moto mkononi umepasuliwa, ukakamuliwa ndimu na kunyunyiziwa pilipili. Ramadhani ikiingia, ratiba yote inapinduka. Hakuna hata moja la haya katika mambo yangu kumi.

Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331. Katika masimulizi yake mafupi ya kisiwa hiki anataja ndizi na ndimu, na tunda tamu lenye kokwa, linalofanana na zeituni. Anasema watu hawapandi nafaka, bali huletewa kutoka nchi ya Sawahil, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. (Ngano ya mahamri yetu nayo haioti kisiwani.) Kisha anafika msikitini: mlangoni kuna kisima, watu huosha miguu, wakaipangusa kwenye mkeka mzito ndipo waingie. Simfanyi walii, haya aliyasimulia zaidi ya miaka 20 baadaye, na kwingine Afrika aliwahukumu watu kwa kiburi. Ila alijua kuuliza chakula kinatoka wapi, na aliona mgeni afanye nini na miguu yake. Mimi, niliyezaliwa Majengo, sikuandika hata hayo mawili.

Mama yangu mdogo hukaanga mihogo. Amenilipia karo kwa mihogo hiyo. Nilimsomea mwongozo wangu akiwa anamenya, akasikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

“Ladha za Pwani,” akasema. “Kwani hizo nani anapika?”

Nilimwomba mhariri aniruhusu kuuandika upya, nikiweka saa na maji. Akajibu kwamba saa humchosha msomaji. Basi upya huo nimemwandikia rafiki yangu wa Kitale peke yake, kwenye simu. Asubuhi, kabla hujavaa chochote, muulize mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi, na uogelee hapo. Mahamri ununue kabla ya saa mbili. Mchana lala. Mama mdogo huwasha jiko baada ya swala ya alasiri, na muhogo wa kwanza hutoka kuelekea saa kumi na moja. Ukimkuta bado anapepea makaa, msalimie, vuta kigoda, ngoja. Anaitwa Mama Zuhura.