Aravrit: Herufi Mbili Katika Mwili Mmoja

Katika Haifa, mji wa bandari wakaamo Wayahudi na Waarabu, vibao vya barabarani huandikwa kwa Kiebrania, Kiarabu na Kiingereza. Mchoraji wa herufi wa mji huo, Liron Lavi Turkenich, alitambua kwamba macho yake huruka Kiarabu kila apitapo. Mwaka 2012, angali mwanafunzi, akabuni alfabeti iitwayo Aravrit, jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kiebrania: Aravit, yaani Kiarabu, na Ivrit, yaani Kiebrania chenyewe.

Msingi wa kazi hii ni uchunguzi wa Louis Émile Javal, tabibu wa macho Mfaransa wa karne ya 19, aliyeonyesha kwamba herufi za Kirumi husomeka hata ikionekana nusu ya juu tu. Turkenich aliona kwamba Kiarabu nacho ni vivyo hivyo, bali Kiebrania hutambulikana kwa nusu ya chini. Basi akakata kila herufi kati, akaweka Kiarabu juu na Kiebrania chini. Kwa herufi 22 za Kiebrania na 29 za Kiarabu (wengi wetu tulihesabishwa 28), yakapatikana maumbo 638.

Neno la amani lamfaa sana: salaam na shalom ni ndugu wa shina moja, na kila moja lina herufi nne. Lakini kitabu, herufi nne kwa Kiarabu, ni sefer kwa Kiebrania, herufi tatu. Hapo ndoa ya moja kwa moja haipo; sharti pawe na kubana au kunyoosha. Tena nukta ya ba i chini, kwenye fungu la Kiebrania! Mwenyewe akiri kwamba kila upande ulilazimika kuachia kitu. Hata hivyo ufundi wake twausifu bila kusita.

Kasoro tuionayo si ya kalamu. Asomaye Kiarabu husoma juu, asomaye Kiebrania husoma chini, kisha kila mmoja huenda zake bila kujua neno hata moja la mwenzake. Musa bin Maimun, katika karne ya 12, aliandika kitabu chake cha falsafa, Dalalat al-Hairin, kwa lugha ya Kiarabu na herufi za Kiebrania. Myahudi aliyekifungua alihitaji Kiarabu kizima, si nusu. Nao wazee wa Lamu na Mombasa walioandika tenzi zetu kwa hati ya Kiarabu waliikopa nzima, na baadhi yao wakaongeza nukta palipokosekana sauti kama p na ch.

Jingine ni la utawala. Mwaka 2018 Bunge la Israel lilipitisha sheria iliyokifanya Kiebrania lugha ya dola, na Kiarabu, kilichokuwa rasmi, kikaachiwa “hadhi maalumu”. Miaka mitatu baadaye, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Dubai, banda la dola hiyo hiyo lilipambwa kwa Aravrit, Kiarabu kikiwa juu. Mchoraji hakutunga sheria, wala hatumlaumu. Ila kibao kilionyesha usawa ambao sheria ilikwisha kuuondoa.

Darasani tungeitumia kwa njia moja: mwanafunzi afunikiwe nusu aijuayo, kisha aulizwe ile iliyobaki.