Biti Mbili za Faili: Jinsi Kadi ya Memori Inavyotenga Nafasi ya Video

Vibanda vya sinema vya mtaa wa Kawangware jijini Nairobi, ambako mteja hufika na flashi au kadi ya memori akajaziwa filamu, na kazi ya vijana wa Kibera News Network, ambao tangu 2010 wamekuwa wakirekodi habari za mtaa wao kwa video, hutegemea uamuzi usioonekana kwa macho: faili kubwa itengewe nafasi ipi, na maelezo ya nafasi hiyo yaandikwe wapi. Kwa kadi zinazozidi gigabaiti 32, ziitwazo SDXC, uamuzi huo hufuata exFAT, mfumo wa faili uliotolewa na Microsoft mwaka 2006 na ambao maelezo yake ya kiufundi yaliwekwa wazi kwa umma mwaka 2019.

Mfumo wa faili huigawa kadi katika vipande vya ukubwa sawa viitwavyo klasta. Katika FAT32, mfumo uliotangulia, kila klasta ina nafasi ya baiti 4 katika jedwali kuu, na humo huandikwa namba ya klasta inayofuata, hivi kwamba faili husomwa kwa kufuata mnyororo. Mtindo huo huvumilia faili iliyotawanyika, lakini hutoza gharama ile ile hata pale klasta zote zimepangana bila pengo. Kwa klasta za kilobaiti 128, video ya gigabaiti 1 huchukua klasta 8,192, na mnyororo wake peke yake hula kilobaiti 32 za jedwali.

Wabunifu wa exFAT waliihamishia sehemu ya kazi hiyo kwenye sifa za faili yenyewe. Katika saraka, yaani orodha ya mafaili, kila faili huwa na kumbukumbu kadhaa za baiti 32, na mojawapo hubeba biti mbili ambazo ndizo kiini cha ubunifu huu: ya kwanza hueleza kwamba kumbukumbu hiyo yaweza kumiliki nafasi, na ya pili hueleza kwamba klasta zinafuatana, kwa hiyo jedwali lisisomwe kabisa. Zote mbili zikiwashwa, namba ya klasta ya kwanza pamoja na urefu wa faili hutosha kuipata data yote, huku klasta zilizochukuliwa zikitiwa alama katika ramani ya biti, ambayo kwa video ile ile huhitaji kilobaiti 1 tu.

Biti ya pili ni ahadi, nayo huweza kuvunjika. Kadi iliyojazwa filamu, ikafutwa nusu, ikajazwa tena, hubaki na mapengo. Faili inayokua ikikuta klasta ya jirani imeshachukuliwa, programu hulazimika kuandika mnyororo wa klasta zote zilizotangulia, kisha kuizima biti hiyo. Gharama iliyokwepwa hulipwa kwa mkupuo, na kwa sababu hiyo ni busara kutenga nafasi yote mapema pale urefu unapojulikana, kama wakati wa kunakili.

Hata hivyo, kutenga mapema huzua hatari, kwa kuwa klasta zilizotengwa bado zina data ya zamani, na kadi nyingi hupita mikono ya watu kadhaa. Hapa exFAT ina sifa inayostahili heshima kuliko biti zote mbili: urefu uliotengwa na urefu ulioandikwa kweli huhifadhiwa mbalimbali, na anayesoma kupita ule wa pili hurudishiwa sufuri, si picha za mwenye kadi wa awali. Kinga hiyo haimzuii mwenye programu ya kufufua data, ambayo huisoma kadi moja kwa moja, lakini humlinda mtumiaji wa kawaida asikutane na siri za mtu mwingine bila kukusudia.

Stima ikipotea katikati ya kunakili, exFAT haina daftari la mabadiliko la kurejelea. Kinachobaki ni mpangilio wa hatua. Maelezo ya kiufundi ya exFAT hupendekeza kwamba kadi itiwe kwanza alama ya kutokuwa shwari, kisha lisahihishwe jedwali, ifuate ramani, na saraka iandikwe baada ya hayo, ndipo alama iondolewe. Kazi ikikatika kati ya ramani na saraka, klasta kadhaa huonekana zimechukuliwa ingawa hazina mwenyewe, na programu ya ukarabati huweza kuzirudisha. Mpangilio huo ukigeuzwa, mafaili mawili yangeweza kudai klasta moja, na filamu ya pili ingeandikwa juu ya ile ya kwanza.