Kanuni Ndizo Hoja: Uhakiki wa Ufundishaji wa Maadili ya Data kwa Ubunifu wa Michezo

Neno mchezo lina upana mkubwa katika Kiswahili. Bao ni mchezo, kandanda ni mchezo, ngoma ni mchezo, na tamthilia ikipandishwa jukwaani huwa mchezo wa kuigiza. Kwa sababu ya upana huo, mhakiki wa fasihi ana haki ya kuutazama mchezo wowote kwa jicho lile lile analoitazamia tamthilia: aulize unasema nini, unasema vipi, na unamsemea nani. Makala haya yanakusudia kuielekeza tahakiki ya namna hiyo kwenye mbinu ya kuwafunza wanafunzi wa chuo kikuu maadili ya data kwa kuwataka wabuni mchezo kwa pamoja. Data hapa ni taarifa za watu zinazokusanywa, kuhifadhiwa na kutumiwa kwa mashine: majina, nambari za simu, alama za vidole, picha za mboni. Hoja inayotetewa ni kwamba funzo la mbinu hii limo katika kuzitunga kanuni, wala si katika kuucheza mchezo uliokwisha kutungwa. Na kwamba lugha inayotumiwa kuzitungia kanuni hizo si jambo la pembeni.

Fani na Maudhui ya Mchezo

Katika miaka ya 1970 na 1980 wahakiki wa fasihi ya Kiswahili walijadiliana kwa mapana na marefu juu ya uhusiano wa fani na maudhui. Wapo walioulinganisha na kikombe na kinywaji kilichomo, na wapo walioona kwamba mfano huo unatenga visivyotengana, wakapendelea sarafu yenye pande mbili. Mchezo unaipa nguvu hoja ya kundi la pili. Maneno yaliyoandikwa kwenye kadi ni sehemu ndogo tu ya maudhui yake. Ujumbe wenyewe umo katika kanuni: nani aanze, nani alipe, nani atolewe, na mshindi apatikane vipi.

Ushahidi mzuri ni wa Elizabeth Magie, aliyepata hataza nchini Marekani mwaka 1904 kwa mchezo aliouita The Landlord's Game. Magie alikuwa mfuasi wa nadharia ya Henry George kuhusu kodi ya ardhi, na nia yake ilikuwa kuonyesha jinsi mwenye ardhi anavyotajirika kwa jasho la mpangaji. Alitunga pia kanuni za pili, ambazo kwazo wachezaji wote walifaidika mali ilipoongezeka. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza Monopoly, mchezo uliotokana na ule wa Magie, na kanuni za kufaidika kwa pamoja hazikuwamo. Viwanja, kodi na jela vilibaki. Hata hivyo, kilichokusudiwa kuwa shutuma kiligeuka kuwa sherehe, kwa kuwa mchezaji sasa alifunzwa kufurahia kumfilisi mwenzake.

Onyo hilo linauhusu pia mchezo wa Data Dealer uliobuniwa Vienna, Austria, na kujulikana mnamo 2013. Mchezaji huwa dalali anayekusanya taarifa za watu na kuziuza. Kejeli yake ni kali, na mwanafunzi atang'amua upesi jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa. Lakini wanaouzwa hawachezi, hawana zamu. Mwanafunzi anayeucheza hupokea mgawanyo huo wa nafasi kama ulivyo. Mwanafunzi anayebuni wa kwake hana budi kuamua mwenyewe ni nani atakayepewa zamu na ni nani atakayebaki kadi mkononi mwa mwingine.

Kisa cha Mboni

Mwishoni mwa Julai 2023 foleni ndefu zilionekana Nairobi, watu, wengi wao vijana, wakingoja mboni zao zipigwe picha na kifaa cha mradi wa Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali iliisimamisha shughuli hiyo. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba ukusanyaji huo ulikiuka sheria, ikaagiza taarifa zifutwe katika muda wa siku saba. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba idhini ilipatikana kwa kishawishi cha malipo, na kwamba tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikufanywa.

Kisa hiki kinaweza kufundishwa kwa mhadhara, na mwanafunzi akakariri kwamba idhini yapasa kuwa ya wazi, huru, mahsusi, na ya mtu aliyefahamishwa. Atapata alama zake. Ichukuliwe sasa kwamba wanafunzi watano wanabuni mchezo juu ya kisa hicho hicho. Swali la kwanza litakalowakabili ni dogo: kila mchezaji aanze na shilingi ngapi? Wakimpa kila mmoja 10,000, huenda asipatikane wa kuuza picha ya mboni zake, na mchezo utakwama. Wakimpa mmoja 10,000 na mwingine 50, ilhali nauli ya kufikia zamu ya pili ni 100, huyo wa pili hana njia ila kuuza. Hapo watakuwa wamegundua kwa kuhesabu kile ambacho mahakama ilikieleza kwa lugha ya sheria: kwamba uhuru wa kukubali hutegemea uwezo wa kukataa.

Swali la pili ni je, kadi ya mboni ikishatolewa yaweza kurudishwa? Sheria inampa mtu haki ya kuiondoa idhini yake wakati wowote, lakini mboni haibadilishwi kama nywila. Wakiandika kwamba kadi hurudi kwa mwenyewe, ni nani atakayehakikisha kwamba hakuna nakala iliyobaki? Swali la tatu ni la wakati. Madhara ya data aghalabu huchelewa, nayo humfikia mtu akiwa amekwisha kuisahau siku aliyotoa taarifa zake. Mchezo usio na kanuni ya kuyachelewesha madhara utafundisha uongo, yaani kwamba kila kosa hujulikana papo hapo.

Idhini na Ridhaa

Sheria iliyotajwa iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo katika jambo hili hutosheka na neno moja. Kiswahili kina mawili. Idhini ni ruhusa, nayo huweza kutolewa huku moyo ukisita. Ridhaa ni kuwa radhi, na hukaa ndani ya nafsi. Mtu aliyetia sahihi fomu asiyoisoma ametoa idhini. Kama ana ridhaa, hilo ni jambo jingine. Kikundi kinachoandika kanuni zake kwa Kiswahili kinalazimika kuchagua. Kikiandika kwamba kadi itachukuliwa mchezaji akitoa idhini, kubonyeza kitufe kunatosha. Kikiandika kwamba itachukuliwa akiwa radhi, swali linazuka hapo hapo: itajulikanaje kuwa yu radhi? Tofauti ya maneno imekuwa tofauti ya kanuni, na tofauti ya kanuni ni tofauti ya maadili.

Jadi yenyewe ina mfano. Mtegaji husema "Kitendawili!", wala hategi mpaka ajibiwe "Tega!". Hadhira ikishindwa, hudai apewe mji, na baada ya kuupata hufumbua fumbo lake. Hakuna anayeulizwa kabla ya kukubali kuulizwa. Bei ya kushindwa inajulikana tangu mwanzo. Mwenye siri hana budi kuifichua mwishoni. Na aliyekuwa akijibu jana aweza kuwa mtegaji leo. Masharti yote manne ni vigumu kuyaona katika zile foleni za 2023.

Ushirikiano na Mamlaka

Neno "kwa pamoja" halina budi kupimwa pia. Mwaka 1977, Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mswada wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulijadiliwa na kurekebishwa na wanakijiji walioyajua maisha yaliyosimuliwa humo kuliko msomi yeyote. Leseni ya maonyesho iliondolewa Novemba mwaka huo huo. Ushirikiano wa kweli huhamisha mamlaka ya matini, na ndiyo sababu huwatia wasiwasi wenye mamlaka. Mhadhiri anayeleta ubao uliokwisha kuchorwa, akawaachia wanafunzi kazi ya kuupaka rangi na kuandika maswali, hajawashirikisha. Amewapa chemsha bongo.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa mara nyingi. Ili kuupa mchezo uhai, wanafunzi huleta visa vya watu halisi: shangazi aliyekopa kupitia simu, kisha mkopeshaji akawapigia simu watu wote waliomo katika orodha yake ya nambari. Sheria ya 2021 iliwaweka wakopeshaji wa namna hiyo chini ya Benki Kuu ya Kenya. Lakini mwanafunzi anayekisimulia kisa cha shangazi yake mbele ya kikundi bila kumwuliza anafanya, kwa kadiri ndogo, jambo lile lile analolishutumu. Kisa alichosimuliwa nyumbani ni amana. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kutungwa ni ile ya meza yenyewe: kipi kiletwe, kwa ridhaa ya nani, na nini kifutwe kazi ikiisha.

Hitimisho

Itapingwa kwamba madarasa ni makubwa na kwamba mchezo hausahihishiki. Pingamizi la kwanza ni la kweli, na mbinu hii haifai pale ambapo vikundi vidogo haviwezekani. La pili linajibika. Kinachostahili kusahihishwa si uzuri wa ubao, bali daftari la kikundi lenye kila kanuni iliyofutwa, ile iliyochukua mahali pake, na sababu ya badiliko hilo. Huko ndiko maadili yanakosomeka. Mwanafunzi aliyebishana na wenzake kama mchezaji mwenye shilingi 50 aruhusiwe kukataa na bado aendelee kucheza, ana swali la kuuliza siku atakapofikishwa mbele ya kifaa kingine na kuombwa atazame ndani.