Fundi Aliyepiga Hodi

Kabla hajagusa bisibisi, fundi aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na fundi yeyote: "Mwalimu, mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia diski niliyomletea ni ya kaka yangu, na kaka yangu ni marehemu. Akaigeuzageuza viganjani, akapuliza vumbi kwenye meno ya waya. "Pole sana. Sasa wewe umepewa na nani?" Na shemeji. "Basi naomba nizungumze naye."

Nikasimama mlangoni mwa kile kibanda cha Katesh, nikampigia shemeji kule Getanuwas, mtandao ukija na kukatika. Fundi akaipokea simu kwa mikono miwili. Akampa pole, akamuuliza habari za watoto, akauliza kama mvua imenyesha. Ndipo akaomba ruhusa ya kufungua vitu vya mumewe. Alipokwisha kuruhusiwa, akanirudishia simu na kuvuta kiti.

Nakiri kwamba nilikereka. Nilikuwa nimepanda bodaboda tangu alfajiri, pesa ninayo mfukoni, na yeye ananipitisha kwenye maamkizi kama nimekuja kuposa.

Kaka yangu alikuwa mtu wa kuandika. Kwa miaka alitembea boma kwa boma, kutoka Getanuwas hadi Basotu, akiwarekodi wazee wa Kidatoga na wa Kiiraqw: majina ya visima, njia za ng'ombe kwenda kulamba chumvi, nani amelala chini ya bung'eda ipi, ule mlima mdogo wa udongo ambao Wadatoga humjengea mzee aliyeheshimika. Alipofariki, daftari na kanda zake zilibaki katika chumba alichokuwa amepanga Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang, likafunika chumba kile, na kuua watu zaidi ya 80. Mbele ya misiba ile, nani angethubutu kulia kwa ajili ya daftari? Tukanyamaza. Ilipita miezi ndipo shemeji akakumbuka kompyuta ya zamani iliyokuwa juu ya kabati kijijini, ile iliyogoma kuwaka.

Kijana wa kwanza niliyempelekea aliitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake, na kumbe ilikuwa hai. Folda zikajipanga, jina la kaka juu yake. Lakini kila alipobofya, kompyuta ilijibu kwamba hana ruhusa. Alijaribu mara tatu, akatazama saa, akasema, "Mzee, tuifomati tu. Utapata diski safi kabisa." Alisema kwa moyo mweupe, akidhani ananisaidia.

Fundi wangu alicheka niliposimulia. Akanieleza kwamba kompyuta ya Windows haimjui mtu kwa jina. Jina tunaloliona kwenye kioo ni pambo letu sisi; yenyewe huandika mlolongo mrefu wa namba, unaoanza na S-1-5-21, na kila faili hubeba namba ya mwenyewe. Diski ikihamishiwa kwenye mashine nyingine, namba ile haipati mtu wa kulinganishwa naye. Hata ukifungua akaunti mpya yenye jina lilelile, herufi kwa herufi, kwake wewe ni mgeni. "Haijafa, Mwalimu. Haikujui tu."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu sisi wa huku tumewahi kuambiwa hatujulikani. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye malisho ya Wadatoga wa Kibarbaig, na baadhi ya bung'eda zikapitiwa na plau. Watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo, na moja ya sababu zake ni kwamba wengi wa walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mtu kazaliwa pale, babu yake yuko chini ya udongo ule, lakini kitabu hakina namba yake. Huko nako, kabla ya trekta, hakuna aliyepiga hodi.

Ipo njia ya mkato, na fundi hakunificha. Mwenye mamlaka juu ya kompyuta anaweza kujiandika kuwa mmiliki wa folda na kila kilichomo, kisha akajipa ruhusa mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache, na mafundi wengi huishia hapo. Yeye huiacha iwe ya mwisho. "Kubadilisha mmiliki ni kumchoma ng'ombe alama mpya juu ya ile ya zamani," alisema. "Utamchunga, utamkamua, lakini kesho akitokea mwenyewe, alama yake haisomeki."

Kwa hiyo alianza kwa kunakili diski nzima, tangu mwanzo wake hadi mwisho, kwenye diski nyingine. Kazi hiyo ilikula saa kadhaa. Tulikunywa chai, tukanunua mahindi ya kuchoma, na kila mara alirudi kuweka sikio karibu na diski ya kaka, akisikiliza inavyozunguka, kwani diski inayotaka kufa mara nyingi huanza kugonga. Diski ya asili akaizungushia kitambaa, akaiweka kando. Nakala akaifungua kwa mfumo mwingine, Ubuntu, aliouwasha kutoka kwenye flashi, kwa kusoma tu, bila kuandika hata nukta moja. Mfumo ule hausimami kuuliza namba za Windows. Ulizipita kimya, na kila kitu kikabaki na namba ya mwenyewe.

Folda zikafunguka, moja baada ya nyingine, isipokuwa moja. Pale fundi alitulia. "Hapa kaka hakufunga mlango tu. Amegeuza maneno yenyewe kuwa fumbo, na ufunguo alikuwa nao yeye." Nikamwomba ajaribu. Akaondoa mkono kwenye kibodi. Nikampigia shemeji kwa mara ya pili, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwacheni na chake, shemeji."

Sauti ya kwanza tuliyoifungua ilikuwa ya bibi mmoja akitaja visima. Anataja kimoja, anakohoa, anamkemea mtoto asiguse kibuyu cha maziwa, anataja kingine. Nyuma yake kengele ya ng'ombe. Halafu kaka yangu anauliza swali kwa unyenyekevu, kwa ile sauti yake ya puani, nami nikalazimika kutoka nje nikatazame mlima.

Wakati wa kulipa nilimwuliza fundi amefundishwa na nani. Akasema na mzee mmoja wa Arusha aliyekuwa hamruhusu kushika bisibisi mpaka amemsalimia mteja. Vijana wa kurithi hana. Wanataka kubadilisha vioo vya simu, kazi ya nusu saa. Nayo milango yenyewe inakwisha. Kompyuta mpya nyingi siku hizi hufungwa zenyewe kama ile folda moja ya kaka, mwenyewe bila habari, na ufunguo umewekwa kwenye akaunti aliyoifungua siku ya kwanza na kuisahau. Akifa, anaondoka na kila kitu: picha za watoto, hesabu za duka, sauti za wazee. Fundi wa kupiga hodi atabaki amesimama nje.

Mwaka huu nilipita tena Katesh. Kibanda kipo, ila mezani kumejaa makava ya simu na chaja, na kasha la waya zake limesukumwa chini ya meza. Aliinuka kunisalimia. Tuliulizana habari za nyumbani, za mvua, za shemeji. Kisha akauliza, "Zile sauti, Mwalimu, umezinakili mara ngapi?"

Nilikuwa nimezibeba kwenye flashi moja, ndani ya mfuko wa koti, pamoja na funguo na sarafu. Sikumjibu. Akainama, akalivuta lile kasha kutoka chini ya meza.